Barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji wa Bodi ya Filamu Tanzania: bibi hakuhitaji rangi

Ndugu Katibu Mtendaji,

Kazi yangu ni kupaka watu sura kwenye seti, na filamu za kutisha ndizo zinazonilisha. Mzimu nampaka unga wa muhogo. Damu naipika kwa shira na rangi ya chakula. Sikuandikii kuilalamikia bodi. Nina habari ya bibi mmoja tuliyempata wilayani Magu, aigize mchawi kwa malipo ya siku mbili.

Nilipotoa rangi nyekundu nimpake kwenye kope, mwongozaji akacheka: "Huyo muache, hahitaji." Kweli, macho yalikuwa mekundu tayari. Maisha yake yote amepikia kuni na samadi kavu ya ng'ombe, kwenye jiko lisilo na dirisha. Tukamvisha kaniki, tukampa ungo. Jioni akaniuliza polepole, "Mjukuu wangu, hii picha itaonyeshwa na huku?"

Sikumjibu. Huku, kwa maana ya Mwanza, Shinyanga, Simiyu na Geita, vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho kama yale, na mara nyingi nyuma ya panga pana shamba ambalo mjane amekataa kuliachia.

Wenzangu husema filamu ya majini haina siasa, ni burudani tu. Haya, tuitazame hadithi yetu. Ng'ombe wanakufa, mganga anaangalia kwenye kioo, anamtaja bibi, na mwishoni filamu inathibitisha kwamba mganga alisema kweli. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli kutokana na mauaji ya watu wenye ualbino. Ramli chonganishi iliyokatazwa vijijini sisi tunaipiga kwenye skrini, na huko mganga hakosei hata siku moja. Shamba halitajwi. Kwenye hadithi za viungo vya binadamu ndiyo kabisa: tunamwona muuaji na panga, mganga na tunguli zake, ila mnunuzi mwenye fedha hana sura. (Ningempaka vizuri sana huyo, na suti ningemtafutia.)

Siombi mfungie filamu za kutisha, nitakula wapi? Kwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 tunahitaji kibali kabla ya kupiga picha. Basi mnapokagua uchi na matusi, ulizeni pia: mganga amemtaja nani, na filamu inamwamini? Ikimwamini, turudishieni tukaandike upya, au ipeni daraja la watu wazima. Na siku moja kaeni meza moja na Chama cha Watu wenye Ualbino Tanzania, pamoja na kikongwe yeyote wa Usukumani, mwatazame filamu mbili tatu hizi.

Yetu ingali kwa mhariri. Ikifika kwenu, bibi ni yule wa kaniki, karibu na mwisho, ambaye hakupakwa kitu.

Wako,
Mpambaji wa filamu, Mwanza