Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mwenye Ufunguo wa Yadi: Naomba Paa

Mheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima. Najua una mengi, na barua zangu tatu za awali bado ziko kwenye foleni mezani kwako.

Jumanne nilimpeleka mjukuu wangu akaone kichwa cha treni cha mvuke ambacho babu yake alikihudumia. Tukakuta saa ya presha imeng'olewa, vali za shaba hazipo, mabomba ya mafuta yamekatwa kwa msumeno. Mlinzi akasema labda ni vijana wa vyuma chakavu. Labda. Ila vali ile haifunguki bila spana kubwa ambayo mtu wa gunia hana, kwa hiyo nina fikra zangu.

Mwaka jana ulikuja na wapiga picha, ukapanda, ukauliza usukani uko wapi. Hatukucheka. Ukaahidi paa kabla ya vuli. Vuli ilinyesha, masika ikanyesha.

Mvua ndiyo inayokiua, Mheshimiwa, kuliko hata wezi. Maji yanaingia kwa dohani, yanakutana na masizi ya mafuta mazito yenye salfa, yanageuka asidi, yanatafuna chuma polepole kutoka ndani. Nje unaona rangi tu. Niligonga boila kwa nyundo: mahali palipokuwa pakilia kama kengele sasa panasema pu. Bati la boila likifika hapo, hakuna mkaguzi atakayekubali boila liwashwe moto. Itabidi mirija yote itolewe, viraka vichomelewe, boila lijazwe maji na kupimwa upya. Vipuri navyo utaagiza wapi? Beyer Peacock wa Manchester, waliotuundia yale majitu 34 ya daraja la 59, vichwa vikubwa vya mvuke vya reli ya Afrika Mashariki, walifunga kiwanda 1966. Katika 34 hayo yamebaki mawili, 5918 na 5930, yote yako Nairobi. Yanaitwa Gelai na Shengena, milima ya Tanzania; wakati huo reli ilikuwa yetu sote. Mengine yalikatwakatwa.

Nilianza kazi 1971, nikiwa mwanagenzi. Masikio yangu yalifia ndani ya boila, nikishikilia nyundo huku mwenzangu akigonga ribiti upande wa pili. Kiinua mgongo sikitaji, nisije nikakosa adabu. Mafundi tulikuwa sita, tumebaki wawili, na mwenzangu haoni. Tuliomba vijana wawili tuwafundishe kazi hii. Tukaambiwa hakuna bajeti ya chai yao. Ya zulia jekundu siku ile ilikuwepo.

Nilikuwa na orodha ndefu ya madai. Nimeichana. Siombi kiwashwe, siombi safari za watalii, wala simtaki mwizi wa vali. Naomba paa. Nguzo nane na mabati, hata yaliyotumika.

Mabati yakikosekana, nyumbani ninalo turubai la lori. Nitakuja nalo mwenyewe. Nifungulie geti tu.

Wako mtiifu,
Fundi boila mstaafu