Shangazi, hizo nakala elfu moja ziache kwanza

Shangazi, shikamoo.

Mama ameniambia mswada umekwisha, hongera sana. Pia ameniambia kuna jamaa wa kuchapa vitabu pale River Road, Nairobi, ameshakupigia hesabu ya nakala elfu moja. Nakujibu hapa mbele za watu kwa kuwa wengi huniuliza hili hili.

Jamaa hakudanganyi: ukichapa nyingi, bei ya kila nakala hushuka. Ila zitakaa wapi? Chumba cha wageni? Na hizo ni hela za pensheni. Anza na mia moja kwa mashine ya dijitali. Zikiisha unachapa nyingine, na makosa watakayoyaona wasomaji utakuwa umeshayasahihisha.

Tuseme unauza shilingi 800. Duka likikata asilimia 40, unabaki na 480. Kama kuchapa kulikula 350, una 130 mkononi, na hapo hujamlipa mhariri wala aliyebeba mzigo. Kwa hiyo uza nyingi mwenyewe: kanisani, kwenye chama, kwa wanafunzi wako wa zamani. M-Pesa ikiingia, kitabu kinapanda matatu.

Mhariri ndiye wa kulipwa kwanza. Usimpe mwalimu mwenzako, huyo atakusifu tu. Kisha anafuata wa kupanga kurasa, halafu jalada. Najua jalada ndilo linalokuwasha, lakini unene wa mgongo wa kitabu hutegemea idadi ya kurasa na uzito wa karatasi. Likitangulia, jina lako litaangukia kwenye mkunjo.

ISBN, yaani namba ya kukitambulisha kitabu, hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Taifa ya Kenya, KNLS. Ina tarakimu 13, na za Kenya utaziona zikianza na 978-9966 au 978-9914. Iombe mapema, maana huchapwa ndani ya kitabu na nyuma ya jalada. Ukitoa pia toleo la kusomwa kwenye simu, hilo lina namba yake. Hakimiliki ni yako tangu ulipoandika; kusajili KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, ni kujiwekea ushahidi siku mtu akikuibia. Sajili.

Sasa sikia hili vizuri. Kabla hujasema "chapa", dai nakala moja ya mfano. Ifungue katikati, uikandamize mezani kama mtu anayesoma huku anakunywa chai. Gundi ikipasuka au ukurasa ukichomoka, rudisha. Tazama kama maneno ya upande wa ndani yamemezwa na mkunjo. Pitisha kidole kwenye namba za kurasa, zote. Fundi atakwambia, "Hiyo ni sampuli tu, zingine zitatoka sawa." Hazitatoka sawa.

Mswada nitumie kwa barua pepe, si picha za WhatsApp tafadhali. Jumamosi nipo. Huyo jamaa naye mlete, atupe bei ya mia moja.