Risala ya wachoraji wa Mji Mkongwe kwa mgeni rasmi: tunaomba chumba kimoja kikavu

Mheshimiwa mgeni rasmi, waheshimiwa mlioko meza kuu, wazee wetu, majirani na wachoraji wenzetu, Assalaam aleykum.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kutukutanisha salama. Tunakushukuru na wewe mheshimiwa kwa kuitikia mwaliko, tena umefika kwa wakati, maana mgeni wetu wa mara iliyopita tulimngoja tangu saa 3 akaja saa 7 na risala tukaambiwa tuisome nusu tu kwa sababu ana msiba. Leo inshaallah tutaisoma yote.

Historia ni fupi. Tulianza watu 4 barazani, sasa tuko 17. Wengi wetu tulijifunza kwa kuchora kwa mtindo wa tingatinga, tembo na twiga wa kuuzia watalii, na bado tunawachora kwa sababu hao twiga ndo wanalipa umeme, ila kazi yetu khasa ni kumbukumbu za watu waliohama. Tunachora familia zilizoondoka hapa 1964, waliofika Muscat, waliofika Dubai, waliofika London wakaanza maisha na sanduku moja, na sisi tuliobaki na picha zao ndani ya kopo la biskuti.

Mafanikio tunayo mengi. Tumefanya maonesho 5, mawili yalikuwa kwenye baraza ya mwenyekiti lakini watu walikuja. Kazi zetu zimevuka mipaka, ipo moja Ujerumani, alinunua mgeni akaikunja akaitia kwenye begi. Tumefundisha watoto zaidi ya 60, ukihesabu na wale waliokuja siku moja tu.

Mheshimiwa, kabla ya ombi letu tumtaje mtu mmoja. Lubaina Himid amezaliwa hapa hapa Zanzibar 1954, baba yake akafariki yeye bado kichanga na mama yake akamchukua kwenda Uingereza akiwa na miezi 4 hivi. Huyo mtoto ndo akaja kuwa mchoraji, na 2017 akashinda Turner Prize, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, akiwa na miaka 63, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata, tena mwaka ule ule waliofuta sharti la kwamba mshiriki awe chini ya miaka 50. Ana kazi yake ya 2004 yenye sanamu bapa 100 za mbao zilizopakwa rangi, kila moja ni Mwafrika aliyepelekwa kutumikia makasri ya Ulaya, na mgongoni ana karatasi inayosema jina lake la kweli nani na huko wakamwita nani. Watu 100 mheshimiwa, wa ukubwa wa mtu mzima, wote wapate pa kusimama na pa kuhifadhiwa! Sisi tunajivunia kwamba ni wetu, kila kiongozi anayekuja hapa anamtaja, ila tukisema ukweli angekuwa anachora na sisi leo hao watu 100 tungewaweka wapi.

Na hapo ndo tumefika kwenye ombi. Picha zetu zinaoza.

Hatusemi kwa kutia chumvi, chumvi ipo ukutani. Nyumba zetu hizi za mawe na chokaa zinanyonya maji, masika ikiingia Machi mpaka Mei ukuta unatoa jasho, na turubai nalo ni kitambaa, linavuta unyevu linalegea kwenye fremu, baadae kuvu inaanza nyuma, wewe mbele huioni, siku unayoiona ishafika kwenye uso wa mtu uliyemchora. Sasa ivi picha 40 na kitu zinalala chini ya kitanda cha mama yake katibu, nyengine ziko stoo ya mtu pamoja na mifuko ya saruji. Mama wa katibu ni mvumilivu lakini na yeye ana wageni wake.

Na kinachouma zaidi sisi hatutumii rangi peke yake, tunabandika na vitu vya watu, barua, bahasha za stempu, picha za zamani. Kuna bibi mmoja wa mtaani alitupa picha ya kaka yake aliyeondoka na jahazi, picha ndo hiyo hiyo moja, hana nyengine. Tukaichora kubwa na ile ndogo tukaibandika pembeni. Masika iliyopita kuvu imekula uso wote, limebaki koti. Bibi hajatugombeza. Aliishika akauliza huyu nani.

Mheshimiwa, ombi hili si jipya. Mgeni rasmi wa kwanza alisema limefika na litafanyiwa kazi. Wa pili alisema kuna jengo linatafutwa, tukampigia makofi mpaka mikono ikauma. Wa tatu alituma kabisa fundi na futi kamba, akapima chumba, akaandika, akanywa chai, mpaka leo hatujamuona na chumba kile sasa wamepangishwa watu wengine. Hatumlaumu mtu, tunajua majukumu ni mengi, ila makofi yetu nayo yanapungua.

Kwa hiyo leo hatuombi ukumbi wa kisasa wala safari ya mafunzo. Tunaomba chumba kimoja, ghorofani si chini, paa lisilovuja, madirisha mawili yanayoangaliana hewa ipite, rafu za mbao za kusimamishia picha zisiguse ukuta, na mashine moja ya kukausha hewa. Rafu tutazigonga wenyewe, mafundi tunao. Bahasha ukiwa nayo tutaipokea kwa heshima, lakini ikiwa ni kuchagua baina ya bahasha na ufunguo, mheshimiwa tupe ufunguo.

Tumeweka hapo mbele yako karatasi na kalamu. Hatutaki uandike kiasi, tunaomba uandike tarehe tu, na mwenyekiti ataisoma kwa sauti kabla hatujagawa soda.

Ahsante kwa kutusikiliza, na ukipita kukagua picha tafadhali usiziguse kwa nyuma, bado mbichi.