Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tumeanza Kuwataja Wenye Kazi

Ndugu wanachama,

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti aeleze kila mwisho wa mwaka chama chetu cha wapenzi wa katuni, muziki na filamu kimefanya nini na kimefikia wapi. Hesabu za fedha mweka hazina ameshazisoma na mmezipitisha, kwa hiyo sitazirudia. Maktaba ya vitabu vya katuni imepangwa upya, na vile vilivyokuwa vimepotea vimerudi. Muda wangu nitautumia kwa jambo lililotuchemsha mwaka mzima, yaani namna tunavyotoa maoni yetu.

Mnakikumbuka kikao cha mwanzo wa mwaka. Tulianza na swali jepesi, filamu ipi ya mashujaa wa katuni ni bora, tukaishia kuitana mashabiki wa juzi. Mwenzetu mmoja aliondoka kabla ya kikao kufungwa, akakaa muda mrefu bila kuonekana. Nilimfuata, nikamwomba radhi kwa niaba ya chama, na namshukuru kwamba leo yumo humu. Baadaye nilisoma kumbukumbu alizoandika katibu, nikaona kitu kilichoniuma kuliko maneno makali tuliyorushiana. Tulitaja mashujaa, tukataja waigizaji, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyemtaja mchoraji, mwandishi au mhariri. Tulikuwa tunagombania kazi kana kwamba hazina wenyewe.

Ndipo kamati ikaleta utaratibu mnaoujua sasa: kabla ya kusifu au kuponda, taja japo mtu mmoja aliyeifanya kazi hiyo kwa mikono yake.

Nilianza mimi, na nilianza na Bill Finger, mwandishi wa hadithi za katuni. Batman, shujaa wa katuni anayevaa kama popo, alitoka mwaka 1939, na kwa miongo mingi jina lililochapishwa kuwa la muumba wake lilikuwa la Bob Kane peke yake. Finger ndiye aliyeshauri joho badala ya mabawa magumu, ndiye aliyependekeza kinyago chenye masikio, na ndiye aliyeandika hadithi ya kwanza. Alifariki mwaka 1974. Jina lake lilianza kuwekwa rasmi kando ya la Kane mwaka 2015. Nimemsoma Batman tangu utotoni, na nilikuwa mtu mzima nilipolijua jina hilo. Tangu siku hiyo nahisi nina deni. Jerry Siegel na Joe Shuster, waumba wa Superman, nao walimwuza shujaa wao kwa dola 130 mwaka 1938. Hadithi hiyo wengi wenu mliifahamu tayari.

Upande wa muziki ndiko mjadala ulikonoga zaidi. Baadhi yenu mlisimama kidete kwamba kunyofoa midundo kwenye rekodi ya zamani na kuijengea wimbo mpya ni wizi. Mwenzetu mwingine akatuletea habari za Clyde Stubblefield, mpiga ngoma wa mwimbaji wa Marekani James Brown. Sekunde chache tu alizopiga peke yake katika rekodi moja iliyotoka mwaka 1970 zimeingizwa katika nyimbo nyingi mno za hip-hop. Hakuandikwa kuwa mtunzi, kwa hiyo mrabaha wa utunzi haukumfikia. Maoni yangu niliyatoa siku ile na sijayabadili: kunyofoa ni ufundi, na naupenda. Kosa ni kumficha aliyenyofolewa.

Kisha tukamsikiliza Solomon Linda, mwimbaji wa Afrika Kusini. Aliurekodi "Mbube" Johannesburg mwaka 1939, akauachia wimbo huo kwa pesa kidogo. Ulizunguka dunia kwa maneno ya Kiingereza, ukaingia hadi kwenye filamu maarufu ya katuni ya mwaka 1994. Yeye alifariki maskini mwaka 1962, na familia yake ilifikia makubaliano ya malipo mwaka 2006. Tulipopiga rekodi ya kwanza, ile sauti yake nyembamba ikipanda juu ya besi za wenzake, ukumbi ulinyamaza. Sijawahi kuona kikao chetu kikinyamaza vile.

Kwa filamu nitataja mfano mmoja, kwa sababu ulinibadilisha namna ninavyotazama. Jaws ya mwaka 1975, inayohusu papa anayeshambulia watu baharini, tunaiita filamu ya mwongozaji Steven Spielberg, na ni yake kweli. Lakini papa wa bandia alikuwa akiharibika mara kwa mara kwenye maji ya chumvi, ikabidi hofu ijengwe bila yeye kuonekana. Hapo ndipo ilipoingia kazi ya mhariri Verna Fields, aliyepata Oscar kwa filamu hiyo, na noti mbili za mtunzi wa muziki John Williams zinazokuja kabla ya mnyama. Tuliitazama tena pamoja, tukawa tunasimamisha kila mahali picha inapokatwa. Mwanachama aliyekuwa akiiona filamu hiyo kuwa imezeeka alitetea sehemu ya ufukweni kwa ufasaha kuliko mimi.

Wapo waliolalamika kwamba utaratibu huu unawatisha wageni. Malalamiko hayo nayachukulia kwa uzito, kwa sababu yamekuwa na ukweli: mara mbili nimesikia mgeni akihojiwa kama mtahiniwa. Naomba ieleweke kwamba asiyejua jina anaruhusiwa kuuliza, na anayejua ajibu kwa heshima. Aliyeanza kupenda jana ana haki ya kusema kama aliyeanza miaka 30 iliyopita. Mtu akimcheka mwenzake kwa kutojua, nitamkatiza hapo hapo, hata kama ni mjumbe wa kamati.

Kwa mwaka ujao naleta pendekezo moja. Kila kadi ya kitabu katika maktaba yetu iandikwe, pamoja na mwandishi, aliyechora kwa penseli, aliyepitisha wino, aliyepaka rangi na aliyeandika maneno ndani ya viputo, pale majina hayo yanapopatikana. Filamu nyingi huwaweka watu hawa kwenye shukrani za mwishoni, kwa herufi ndogo, watazamaji wakiwa wameshainuka. Sisi tuwaweke juu ya kadi. Kazi ni kubwa, na katibu anahitaji watu wa kumsaidia. Karatasi ya kujiandikisha iko mezani kwake.

Nawashukuru wajumbe wa kamati, na hasa katibu, ambaye kumbukumbu zake zilituonyesha tulipokosea.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti