Betri ya lithiamu na ile namba ya chaji kwenye inveta

"Fundi, hii kitu mliniuzia ni feki." Ndivyo mzee mmoja wa Kibos alivyotuanzia kwenye simu. Betri haijamaliza miaka miwili, na tayari saa nne usiku nyumba iko gizani.

Tulipofika tuliikuta stoo, nyuma ya jiko, mabati juu na dari hakuna. Ilikuwa saa nane mchana. Niliiwekea kiganja nikakitoa haraka. Kisha tukafungua mipangilio ya inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani na pia kuichaji betri: kasi ya juu ya chaji, ampea 100. Betri yenyewe ni ya volti 51.2, 100Ah (ampea-saa, yaani kiasi cha chaji inachobeba).

Ampea 100 kwenye betri ya 100Ah maana yake ni kuijaza kwa saa moja. Paneli zake za kilowati 2 haziwezi. Hata jua la Kisumu likiwaka vipi, zinatoa kama ampea 40 tu. Anayeikimbiza ni stima. Ikipotea jioni betri inashuka, ikirudi inveta inakamua yote iliyoruhusiwa. Betri nyingi za aina hii, za fosfeti ya chuma, zinaweza kuvumilia kasi hiyo, lakini watengenezaji wengi hushauri nusu yake au chini. Chaji ya mbio huipasha moto kutoka ndani, na ya mzee ilikuwa imeshapashwa na mabati tangu asubuhi.

Kwa maoni yangu, kasi peke yake isingeichosha mapema hivyo. Joto ndilo mkosaji mkubwa. Zile mara 6,000 za kuchaji na kutumia mnazosoma kwenye boksi kwa kawaida hupimwa kwenye nyuzi 25, na stoo ya mabati hapa Kisumu haijui nyuzi 25 ni nini saa nane mchana. Tena betri iliyojaa pomoni ikikaa kwenye joto huzeeka hata kama hakuna anayeitumia.

Tuliihamisha hadi koridoni, ukutani pasipopigwa na jua, tukaacha nafasi ya hewa pande zote. Chaji tukaishusha hadi ampea 30. Mzee aliguna: itajaa lini sasa? Tukapiga hesabu naye. Ikiwa imebaki asilimia 20, inahitaji Ah 80, kwa hiyo ni saa tatu hivi. Akisharudi kutoka kanisani Jumapili, imejaa. Ila tulimwambia ukweli kwamba uwezo uliokwisha kupotea haurudi. Tunachookoa ni uliobaki.

Tuliikuta pia mipangilio ya inveta imewekwa ya betri ya maji, na ile chaji ya volti za juu ya kusawazisha seli imewashwa. Lithiamu haiitaki hiyo. Tukaizima.

Kama una wasiwasi na yako, tutumie picha kwa WhatsApp: kibandiko cha betri, skrini ya mipangilio ya chaji, na mahali betri ilipofungwa. Hiyo ya mwisho ndiyo tunayoangalia kwanza.