Ukungu wa Ziwa Biwa si uchafu

Mhariri,

Msomaji mwenzangu aliandika katika ukurasa huu kwamba "Ugetsu Monogatari", filamu ya Kijapani ya mwaka 1953 iliyosafishwa upya na kutolewa kwenye diski za kutazamia nyumbani, bado ina chenga (vidoa vidogo vinavyochezacheza kwenye picha) na ukungu, kwa hiyo wanunuzi wamepunjwa. Nilikuwa fundi wa projekta katika jumba la sinema hapa Tanga hadi lilipofungwa, na kwa hili sinyamazi.

Negativu ya awali ya filamu hiyo, yaani mkanda wenyewe uliopita kwenye kamera, haipo tena. Zilibaki nakala zilizozaliwa nayo, na hizo ndizo zilizosafishwa New York kwa kiwango cha 4K (picha ya kidijitali yenye upana wa nukta kama elfu nne), kazi ya wakfu wa mwongozaji wa Marekani Martin Scorsese pamoja na kampuni ya filamu ya Kijapani, Kadokawa, ikaonyeshwa kwenye tamasha la Cannes, Ufaransa, mwaka 2016. Dakika 97, picha 24 kwa kila sekunde: hizo ni karibu picha 140,000. Mikwaruzo huletwa na kazi yetu sisi mafundi, kwa vumbi la kwenye lango la projekta (pale mkanda unapopita mbele ya taa), meno ya gurudumu yanayotafuna matundu ya pembeni, na gundi ya kuungia mkanda uliokatika. Hiyo ifutwe, tena bila huruma. Lakini chenga ndiyo mwili wa filamu, maana picha hutokana na chembe za madini ya fedha zilizopokea mwanga. Ukizifuta, uso wa mwigizaji unabaki kama sabuni iliyolowa.

Na ukungu aliuweka mwongozaji Kenji Mizoguchi mwenyewe, na mpiga picha wake Kazuo Miyagawa. Vita vimetanda, mashua inavuka Ziwa Biwa la huko Japani, ndani yake yumo mfinyanzi Genjuro na vyombo vyake, na shemeji yake Tobei anayetamani usamurai, yaani kuwa shujaa wa upanga, kuliko mke. (Huyu Tobei baadaye anapewa farasi na wafuasi kwa kuleta kichwa cha jemadari ambaye si yeye aliyemuua.) Maji yanapoishia hapaonekani. Tangu hapo mtazamaji hana hakika nani yu hai, na ndiyo maana bibi Wakasa, ambaye ni mfu, anaweza kumchukua Genjuro mchana kweupe.

Kuna kipande kimoja ambacho naomba kila mtu akione gizani. Genjuro anarudi kwake usiku. Nyumba tupu, jiko limezima. Anatoka kwa nyuma akimwita mkewe Miyagi, anazunguka nje, kamera imebaki ndani ikimfuata kupitia madirisha. Anapofika tena mlangoni, moto unawaka na Miyagi ameketi, anapika. Mkanda haukukatwa popote. Sisi tulikwisha kumwona Miyagi akichomwa mkuki na askari wenye njaa, mumewe hajui.

Televisheni ikiongezwa mwangaza, au ikiachwa ilainishe picha kama nyingi zinavyofanya zikitoka dukani, weusi wa chumba kile unageuka kijivu na moto ule haumshtui mtu. Zimeni mpangilio huo, na taa ya sebuleni pia.

Nawe, Mhariri, ukurasa wako wa burudani unapotangaza filamu ya zamani, utaje imesafishwa kutoka nakala ipi na nani aliyeisafisha. Mistari miwili inatosha.

Fundi mstaafu wa sinema,
Tanga