Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Kipimo cha ufadhili kihesabu gharama ya ulemavu

Mheshimiwa Waziri,

Ninakuandikia nikiwa mwalimu mstaafu niliyewafundisha wanafunzi wasioona kwa miaka mingi, na ambaye hadi leo huketi nao kujaza fomu za kuomba ufadhili wa chuo kikuu.

Katika mpango wa Kenya wa kufadhili wanafunzi wa vyuo vikuu, uliotangazwa Mei 2023, mapato ya familia ndiyo hasa yanayomweka mwanafunzi katika mojawapo ya bendi tano, yaani makundi ya uhitaji, ya kwanza ikiwa ya wahitaji zaidi. Mwaka 2024, familia iliyo katika bendi ya kwanza ilitakiwa kulipa asilimia 5 ya gharama ya kozi, na iliyo katika bendi ya tano asilimia 40. Ulemavu umo miongoni mwa vigezo, jambo ninalolishukuru, lakini kuuliza kama mwanafunzi ana ulemavu ni swali moja, na kuuliza ulemavu huo unaigharimu familia yake kiasi gani ni swali jingine kabisa.

Walimu wawili wanaweza kupata mshahara ule ule, mmoja akiwa na binti anayeona, na mwingine akiwa na binti asiyeona, anayehitaji mashine ya Breli, karatasi zake nzito zisizouzwa kila duka, na mtu wa kumsomea vitabu visivyopatikana kwa Breli wala kwa sauti. Katika fomu familia hizo zinalingana. Nyumbani hazilingani hata kidogo. Anayetumia kiti cha magurudumu naye hawezi kupanga chumba cha bei nafuu kilicho mbali na chuo, kwa kuwa matatu nyingi hazina nafasi ya kiti chake.

Linaloniuma zaidi ni fedha za matumizi, kwa sababu gharama nyingi za ulemavu zimo humo, wala si katika karo. Fedha hizo ni mkopo, nao mpango uliziweka kuwa shilingi 60,000 kwa mwaka katika bendi ya kwanza, zikipungua hadi 40,000 katika bendi ya tano. Kijana asiyeona basi hukopa ili amlipe msomaji wake, na akihitimu hudaiwa fedha ambazo mwenzake hakuwa na haja ya kuzitumia.

Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kukabiliana na vikwazo vitokanavyo na ulemavu wake. Kwa msingi huo, nakuomba uagize gharama hizi ziondolewe katika mapato ya familia kabla ya bendi kupangwa, na malipo ya msomaji, msaidizi au mkalimani wa lugha ya ishara yatolewe kama ruzuku. Usajili wa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu utoshe kuwa uthibitisho, ili mwombaji asirudishwe hospitalini kupimwa upya.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu, Kisumu